Pumzi ya Baba Mkwe

Ukitaka kuchekwa Nyaramba, huku Ugusii, waambie watu kwamba kazi yako ni kuzamia majini. Watakuonyesha vilima vilivyofunikwa na majani chai mpaka macho yachoke. Watakuonyesha migomba nyuma ya kila jiko, na mto ambao ng'ombe huuvuka bila kulowa tumbo. Kisha watakuuliza kwa upole, kama wanaomuuliza mgonjwa, "Sasa wewe utazamia wapi?"

Loice aliulizwa hivyo na soko zima aliporudi kutoka Kilifi. Alikuwa amekwenda huko kufua mashuka ya hoteli, akaishia kusuuza suti za mpira za wazungu waliokuja kuzamia kuangalia samaki. Siku moja mkufunzi alipungukiwa na mtu mmoja. Wazamiaji huenda wawili wawili, hilo ni sharti, na mgeni mmoja alikuwa amebaki bila mwenzake. "Dada, unajua kuogelea?" Loice akasema anajua, ingawa alichokijua ni kujitupa kwenye bwawa la shule na kutoka upande wa pili. Akavishwa mtungi wa hewa mgongoni, akashushwa. Kumbe msichana wa mlimani hana hofu na maji kwa sababu hajawahi kusimuliwa ubaya wake. Miaka miwili baadaye alikuwa na kadi yenye picha yake, inayosema anaruhusiwa kuzamia popote duniani. Halafu ukaja ugonjwa ule uliofunga dunia, hoteli nayo ikafungwa, naye akarudi nyumbani na kadi yake kuchuma chai ya mama yake. Dunia yote ilikuwa wazi kwa Loice, ila dunia yenyewe ilikuwa imefungwa.

Mtu mmoja tu hakumcheka. Huyo alikuwa mzee Nyangau, aliyestaafu kutoka jeshi la majini, mzee wa kanisa la Sabato, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba chumvi. Nyangau alikuwa na mitungi mikuukuu na mashine ya kuijaza hewa, na wazo lililowashinda watu kulielewa: kwamba Wagusii hawana bahari, lakini wana mashimo. Machimbo ya mawe, mashimo ya matofali, mabwawa ya kunyweshea ng'ombe. Mvua ikinyesha yote hujaa, na kila msimu yanameza mtu au kitu, halafu watu wanakaa ukingoni wakisubiri wazamiaji watoke Kisumu. Nyangau alitaka kikundi chake mwenyewe, naye alikosa mwenzake wa kushuka naye. Aliposikia kuna msichana mwenye kadi, alipanda kilima hadi kwao akiwa amevaa suti ya kanisani, kana kwamba anakwenda kuposa.

Alimfundisha upya, kijeshi. Zoezi alilolipenda kuliko yote lilikuwa la kukosa hewa. Wakiwa chini kwenye bwawa, Nyangau alimnyang'anya Loice mdomo wa kupumulia bila kumwonya. Kazi ya Loice ilikuwa kumrukia, kumkamata mkanda wa kifuani, kuuchomoa mdomo wa kupumulia kinywani mwa mzee na kuvuta pumzi mbili, kisha kumrudishia naye avute mbili, na hivyo hivyo hadi juu. "Mshike mwenzako kama mwizi wa kuku!" Nyangau alikuwa akifoka wakitoka majini. "Ukiomba ruhusa umekufa!" Loice alimshika kama mwizi wa kuku. Siku moja alimkwaruza shingo, wakacheka mpaka Maureen, mama mnene aliyekuwa akiwashikia kamba ukingoni, akawaambia waache utoto.

Kisha Duke, mwana wa Nyangau, akaja likizo kutoka Nyamira alikokuwa akifanya kazi ofisini. Alimkuta Loice akianika suti ya mpira kwenye ua wa baba yake. Mengine hayana haja ya kusimuliwa, kwa maana yanajulikana yanavyokwenda. Ng'ombe wakapelekwa, kanisa likajaa, akazaliwa Sharon.

Na tangu siku ya harusi, Nyangau hakuwa tena mwalimu. Akawa Tata, yaani baba.

Asiyezaliwa huku ataona ni jambo dogo. Mgusii ana kitu kiitwacho chinsoni, haya iliyowekwa kati ya wazazi na watoto wao, na hasa kati ya baba mkwe na mke wa mwanawe. Si chuki, wala si woga. Ukiuliza utaambiwa ni heshima, basi. Baba mkwe hampi mkono mke wa mwanawe. Nyumbani kwake haingii kupita sebule. Akiingia alipo, mke huyo huinuka na kukumbuka kwamba kuna sufuria jikoni. Wakikutana njiani mahali pembamba, mmoja atajifanya anaangalia mahindi ya jirani. Mchungaji hahubiri habari hizo, wala hazikatazi, na yeye mwenyewe mkazamwana wake akipita hugeuka kuangalia mlima.

Sasa, kazi ya maji je? Hakuna aliyeuliza. Jambo lilitatuliwa kama yanavyotatuliwa mengi katika boma lenye adabu, yaani bila kutamkwa. Loice akawa anavalia suti yake nyuma ya pikapu, naye Tata anavalia nyuma ya kichaka cha mbali kabisa. Zoezi la kunyang'anyana hewa likakoma, na hakuna aliyesema limekoma. Ule ukaguzi wa kabla ya kushuka, ambapo kila mmoja hugeuza mgongo ili mwenzake apapase mikanda na kujaribu koki ya mtungi, nao ukabadilika. Nyangau alisimama mbali akiangalia vilima, akauliza, "Mama Sharon, uko sawa?" Loice akijiangalia mwenyewe alijibu, "Niko sawa, Tata." Basi. Maureen angeweza kumkagua, lakini Maureen alikuwa ameapa kutogusa mitungi. "Hiyo ni bomu," alisema. "Mimi ni wa kamba."

Na mambo yalikwenda vizuri hivyo kwa muda mrefu. Walitoa pikipiki bwawani, walitoa ng'ombe wa mjane, na mara mbili walitoa watu, na siku hizo mbili hakuna aliyekula. Loice mwenyewe alikuwa akijivunia. Alimwambia Duke kwamba yeye na Tata wameweza kitu ambacho hakijawahi kuwezwa, kufanya kazi chini ya maji bila kuvunja heshima ya juu ya maji. Duke alicheka, kisha akauliza, "Na hewa ikikosekana?" Loice alimwambia haijawahi kukosekana.

Mwezi wa nne, mvua ikiwa imekolea, waliitwa Tabaka.

Ukifika Tabaka msimu wa mvua unakuta ardhi inavuja maziwa. Ni lile jiwe laini wanalochonga vinyago na mabakuli. Vumbi lake hulowana, likatiririka jeupe kwenye mitaro, likajaza machimbo. Shimo walilopelekwa lilikuwa na maji meupe kama uji wa mtoto, na kina chake nguzo mbili za stima. Mwenyekiti wa wachimbaji, bwana mmoja mpole aitwaye Ondieki, aliwaeleza tatizo. Pampu ya kutoa maji shimoni ilikuwa imesimamishwa ukingoni, ukingo ukamomonyoka, pampu ikaenda. Sasa maji yanapanda kila siku, na bila pampu hakuna jiwe mpaka kiangazi. Wachongaji walikuwa wamesimama kando ya shimo, na wanawake wanaosugua vinyago kwa msasa walikuwa wamekuja na kazi zao mapajani, wasipitwe na tamasha.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Loice alilijua na hakulitia moyoni. Kila mzamiaji hubeba mdomo wa pili wa kupumulia, wa kumpa mwenzake akikwama. Wa Nyangau ulikuwa umepasuka. Aliufungua, akaziba tundu, akauacha nyumbani. Alisema shimo lenyewe ni dogo.

Ondieki aliomba awaombee kwanza. Akaomba. Aliwaombea wazamiaji, akaiombea pampu, akawaombea wachimbaji wote waliokufa machimboni kwa majina yao, akaliombea na taifa. Loice alikuwa amesimama na mtungi mgongoni, mabega yakimuuma, macho amefumba, na katikati ya taifa wazo likamchoma: nimefungua koki?

Aliifungua. Alikumbuka kuifungua mtungi ukiwa bado chini kwenye nyasi. Au ile ilikuwa safari ya wiki iliyopita? Alijaribu kuikumbuka asubuhi ile, akaona tu mkono wake mwenyewe na koki, lakini mkono huo ungeweza kuwa wa siku yoyote. Aliangalia alipo Tata. Tata alikuwa amefumba macho, uso ukielekea vilimani. Mtu wa kawaida angesema, hebu niangalie mgongoni. Loice alipeleka mkono nyuma ya bega mwenyewe, akaishika koki, akaizungusha hadi ikagota, kisha akairudisha kidogo, kama alivyofundishwa, ili isije ikakwama. Akavuta pumzi. Hewa ikaja. Akaangalia geji, sindano imesimama mahali pake, mtungi umejaa. Akashukuru Mungu pamoja na Ondieki, akasema amina kwa sauti.

"Mama Sharon, uko sawa?"

"Niko sawa, Tata."

Wakashuka.

Kwenye maji ya namna ile macho ni mzigo tu. Loice aliweka kiganja mbele ya miwani asikione. Kati yake na Tata kulikuwa na kamba fupi iliyofungwa kiunoni kwa kila mmoja, ndefu kidogo kupita mkono, na hiyo ndiyo iliyomwambia kwamba mzee yupo. Kamba nyingine ndefu ilikwenda juu kwa Maureen. Walishuka kwa kupapasa ukuta wa jiwe, laini kama sabuni, mpaka miguu ikatua kwenye tope. Pampu waliipata mapema. Ilikuwa imeteleza chini ya mwamba uliochomoza, mahali pa kama uvungu wa kitanda. Nyangau alikuwa na kifua kipana, Loice ni mwembamba. Alitambaa kuingia, akalala kifudifudi, akaanza kupitisha kamba ya kuvutia chini ya chuma.

Kwanza alidhani amechoka. Kazi ilikuwa ngumu, na pumzi ilikuwa ngumu pamoja nayo. Alivuta, hewa ikaja kwa kusitasita, kama uji mzito unaonyonywa kwa mrija mwembamba. Akavuta kwa nguvu zaidi. Ikaja kidogo kuliko mara ya kwanza. Akatulia, kama alivyofundishwa. Akainua geji, akaigandisha kwenye kioo cha miwani ili aione.

Mtungi umejaa.

Akavuta pumzi huku akiiangalia, na mbele ya macho yake sindano ikaanguka mpaka sifuri. Alipoacha kuvuta, ikapanda tena ikasimama. Umejaa. Akavuta, sifuri. Akaacha, umejaa. Loice hakuelewa. Alijua mitungi iliyojaa na mitungi iliyokwisha. Mtungi unaojaa ukiuacha na kuisha ukiuomba hakuwahi kuuona, wala kadi yake haikutaja kitu kama hicho. Alidhani geji imeharibika. Halafu alidhani yeye ndiye ameharibika, kifua chake kimefunga. Akajiuliza kama ni yale maji meupe, pengine vumbi la jiwe limeingia katika mashine. Akili ilimpeleka mbali kabisa, hadi kwa Sharon aliyekuwa na kikohozi, akajiuliza kama kikohozi cha mtoto kinaweza kumwambukiza mama namna hii, kwa ghafla, chini ya maji. Na wakati wote huo alikuwa akivuta, na kila mara akipata kidogo zaidi ya hakuna.

Kisha akavuta, hakukuja kitu.

Alitaka kupanda. Akainuka, akagonga kichwa kwenye jiwe, akachanganyikiwa zaidi, kwa sababu jiwe lilipaswa kuwa chini. Basi juu ni wapi? Alifuata mapovu yake ya mwisho kwa mkono. Mapovu hupanda, kila mtu anajua hupanda, lakini yale yalikuwa yakitambaa kwa ubavu chini ya mwamba kama siafu. Akayafuata, akagonga bega. Mkanda wake wa vyuma vya uzito, ambao ungetupwa kwa kuvuta mshipi mmoja tu, hakuukumbuka kabisa. Kamba ya Maureen hakuikumbuka. Alirudi nyuma kwa kupiga mateke, miguu ikatoka uvunguni, kiuno kikatoka, kichwa kikatoka, na mkono wake uliokuwa ukipapasa weupe ukatua juu ya kitu laini na kigumu kwa pamoja.

Lilikuwa bega la Tata.

Tazama mambo ya binadamu. Pale palikuwa na hewa, mtungi mzima wa hewa, mbali kiasi cha urefu wa kijiko. Kifua chake kilikuwa kinawaka. Mafunzo yake yote yalisema rukia, kamata, nyang'anya. Na Loice, mke wa Duke, mkono wake ulipotambua ni bega la nani, uliruka kama uliogusa sufuria ya moto. Akarudi nyuma. Na moyoni, kwa lugha ya mama yake, akasema: samahani, Tata.

Aliomba msamaha. Hapo chini, bila hewa, aliomba msamaha.

Yaliyofuata hakuyajua kwa mpangilio. Kamba ya kiunoni ilivutwa. Mikono ikaja usoni mwake, mikubwa, ikipapasa kama ya kipofu anayetafuta mlango. Kitu cha mpira kikasukumwa kwenye midomo yake, hewa ikifoka kutoka humo, naye akajua ni nini na kimetoka kinywani mwa nani. Akageuza uso. Hata yeye hakuweza kueleza baadaye. Si kwamba aliamua. Uso uligeuka wenyewe, vile unavyogeuka wakati mkwe anapotokea mlangoni nawe hujajifunga leso vizuri. Mpira ukamfuata. Akageuza upande wa pili. Ndipo mkono mmoja ukamshika kisogo, kwenye nywele, bila adabu yoyote, ukakikaza kichwa chake kama kichwa cha ndama anayenyweshwa dawa, na mwingine ukamtia mpira ule mdomoni kwa nguvu hadi meno yakauma.

Akapumua. Hewa ilikuwa na joto la kinywa cha mtu mwingine.

Pumzi mbili, mpira ukachomolewa. Akasubiri gizani katika ule weupe. Pumzi mbili zake, ukarudi. Sasa Loice alikuwa amemshika mzee mkanda wa kifuani kwa mikono miwili, na hakukumbuka lini aliushika. Wakaanza kupanda, wamegandana kifua kwa kifua. Mtu akipanda kutoka chini haruhusiwi kuzuia pumzi. Hewa hutanuka mapafuni, yakapasuka. Loice alikuwa amezuia, kwa hofu. Mkono wa Nyangau ukashuka, ukamkandamiza tumbo, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka mapovu yakamtoka mdomoni. Tumbo! Hata daktari wa kiume wa Nyamira hakuwahi kulikandamiza hivyo. Wakapanda namna hiyo, wakipokezana kile kimdomo kama watoto wanaopokezana muwa, mpaka weupe ukawa na mwanga, na mwanga ukawa mvua.

Juu hawakuachana. Jaketi la Loice la kuelea hujazwa kwa hewa ya mtungi, na mtungi ulikataa; angeachwa angezama tena. Hivyo Nyangau alimkumbatia, na Maureen akawavuta polepole mpaka ukingoni, baba mkwe na mke wa mwanawe, kifua kwa kifua, mbele ya Tabaka nzima.

Watu wachache walianza kupiga makofi, kisha wakaacha. Wengine walikuwa wamegeuka kutazama migomba. Mwanamke mmoja mzee alitoka kati ya wale wa msasa, akamfunika Loice kwa leso yake kuanzia kichwani, huku akinong'ona kwamba hili jambo ni la kupelekwa kwa wazee, kwamba zamani lilihitaji mbuzi. Mwingine akamjibu kwamba zamani hapakuwa na mitungi. Loice alikohoa maji meupe, akasikia yote, asijue kama amefanyiwa wema au amefanya kosa.

Maureen ndiye aliyesahau kiapo chake. Aliinama juu ya ule mtungi, akaishika koki, akaizungusha. Ikazunguka. Akaizungusha tena, ikazidi kuzunguka, na tena, na tena.

"Hii ilikuwa imefungwa," alisema. "Imeachwa ufa tu."

Hapo Loice akaelewa, na afadhali asingeelewa. Kumbe alikuwa ameifungua asubuhi, kweli. Wakati wa maombi, mkono ukiwa nyuma ya bega, kulia kukawa kushoto: aliifunga mpaka mwisho, kisha akairudisha kidogo. Ufa ule ulimtosha akiwa juu amesimama. Chini, maji yanapobana, mtu huhitaji hewa nyingi zaidi kwa kila pumzi, na ufa haukuweza kuipitisha. Ndiyo maana mtungi ulijaa alipouacha na kuisha alipouomba. Lilikuwa kosa ambalo mtu mwingine angeliona kwa kugusa mara moja.

"Ni nani alikukagua?" Ondieki aliuliza, kwa nia njema.

Nyangau aliinuka, akaenda nyuma ya rundo la mawe yaliyokatwa, akakaa huko peke yake na suti yake inayochuruzika. Wakati wa kurudi, alipanda nyuma ya pikapu, kwenye mvua, kati ya mitungi, nafasi ikiwa tele mbele. Safari nzima Loice aliangalia kisogo chake kupitia kioo. Alikuwa amenusurika, hilo alilijua. Lakini hakujua anarudi nyumbani akiwa nani, wala kama mzee huyu atawahi kushuka naye tena, wala kama yeye mwenyewe angependa. Moyo ulikuwa umemjaa shukrani na aibu, na hakuweza kutenganisha kimoja na kingine.

Jikoni kwa mama mkwe wake, Tryphosa, moto ulikuwa unawaka. Habari ilikuwa imetangulia kwa simu, kama kawaida ya habari. Tryphosa alimpa kigoda, akampa chai, akampa sahani ya ugali na mboga za managu, akaketi mbele yake na mwiko mkononi. Ni mwanamke wa maneno machache, na hata hayo huyapima.

"Mama Sharon. Alipokupa pumzi, uliichukua?"

Loice angeweza kudanganya. Nani angejua? Maji yalikuwa meupe.

"Niligeuza uso, mama."

"Uligeuza uso."

"Mara mbili. Na kabla ya hapo nilimgusa bega, nikarudi nyuma."

"Ili iweje?"

"Nilimheshimu." Na alipolisema neno hilo akaanza kulia, kwa sababu hakuona kosa lake liko wapi na alijua lipo.

Tryphosa aliweka mwiko chini. "Heshima si utumwa," alisema. "Mimi nimeishi na heshima hii miaka yangu yote, na sijaona mahali iliposema mtu afe. Ungetaka nimwambie nini Sharon? Kwamba mama yake alikufa kwa adabu?" Kisha naye akalia, kwa hasira, akijifuta kwa mkono wenye unga. "Kula," alisema. "Kula, wewe mtoto."

Loice alikuwa akila ndipo waliposikia gambuti zikikanyaga tope uani. Zikaja mpaka ukuta wa jikoni zikakoma. Nyangau alikohoa, vile baba wakwe wanavyokohoa kumpa mtu nafasi ya kuondoka. Loice akainuka nusu. Tryphosa akamwekea mkono begani, akamkalisha.

"Loice."

Hakuwa amemwita kwa jina hilo tangu harusi. Na yaliyofuata aliyasema kwa Kiswahili, lugha ambayo katika boma lile husikika redioni tu. Pengine yale aliyotaka kuyasema yasingewezekana kwa lugha ya nyumbani.

"Naam, Tata."

"Ile pampu bado iko chini. Ondieki amepiga simu. Kesho tunarudi."

"Ndiyo, Tata."

Mvua ilikuwa ikitiririka kutoka kwenye mabati. Mzee alisogea, gambuti zikalia kwenye tope.

"Uligeuza uso. Nilisikia kwa mikono yangu."

"Ndiyo, Tata."

"Na mimi, kamba ilipoanza kutikisika, nilijua. Nimefanya kazi hii kabla hujazaliwa, nilijua mara moja kwamba huna hewa. Lakini sikuja mara moja." Sauti ile ya kuamrisha ilikuwa imemwisha. "Nilikuwa nafikiria nikushike wapi. Unasikia? Mtoto wangu anakufa, mimi nafikiria nikushike wapi."

Tryphosa alifumba macho. Loice alikuwa na tonge mkononi, hakujua aliweke wapi.

"Sasa nijibu," Nyangau alisema kupitia ukutani. "Kesho ikiwa ni mimi nimekosa hewa. Umeniletea mdomo, na mimi, kwa ujinga huu huu, nimegeuza uso. Utafanya nini?"

Loice alimtazama mama mkwe wake. Tryphosa alikuwa anaangalia sufuria kana kwamba hakusikia chochote.

"Nitakukamata masikio, Tata," alisema Loice. "Yote mawili."

Nje gambuti zilisogea, akadhani mzee anaondoka.

"Sawa," alisema Nyangau. "Na ukikamata, kamata kabisa. Mimi ni mbishi."